Nauli ya Mama



Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mzaliwa wa Yahuma, naishi Kisangani katika komine ya Mangobo. Nilibatizwa nikiwa mtoto, na zamani nilikuwa mpiga ngoma wa kwaya. Tangu mwaka 2017 sikanyagi kanisani ila kwa mazishi.

Mke wangu na mimi tumezaa watoto watatu. Wa kwanza alianza kuugua kabla hajatimiza mwaka: mikono na miguu inavimba, analia akiguswa, macho yanakuwa ya manjano, anaishiwa damu. Tuliuza redio, tukauza godoro. Alifariki akiwa na miaka sita. Wa pili akaanza vilevile, akafariki na miaka minne. Wakati huo mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Yahuma kutusaidia kulea. Nabii mmoja akasema ameoneshwa kwamba mama ndiye anayewala watoto, na kwamba macho yake mekundu ni ushahidi. Shemeji zangu walitaka kumpiga. Mimi nikasema asipigwe, aondoke.

Siku hizo nilikuwa bado naendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Nilimbeba mama mwenyewe kwenye baiskeli hadi bandarini, pamoja na kitunga chake. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika akafungua fundo la kikwembe chake, akanipa faranga 500, nauli ya toleka, kama mteja yeyote. Nilizipokea.

Sasa nina pikipiki, lakini silali. Nakunywa pombe ya lotoko ili nipate usingizi. Moyo unapiga usiku, kichwa kinauma. Hospitalini wamesema ni presha, wakanipa vidonge vya kila siku. Nimepita vyumba vya maombi vitano. Pastoro wa mwisho amesema Kwaresima hii ndiyo saa yangu: nifunge mfungo kavu siku 21, bila chakula wala maji mchana kutwa, niache vidonge kwa sababu vidonge ni kukosa imani, na nilete dola 150 za ukombozi. Binti yetu mdogo ana mwaka mmoja na nusu, na juzi vidole vyake vimevimba. Naogopa. Binamu yangu aliyetoka Yahuma wakati wa Noeli anasema mama yu hai, anakaa kwenye kibanda kando ya kanisa la kijiji, anauza mboga, na anauliza habari zangu. Je, bado anatufuata? Na Mungu atanipokea nikirudi? Nikifunga, nitapona?

Mwenye Kuchoka, Mangobo

*

Ndugu yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yamerudi kwenye zile faranga 500. Nitazizungumzia. Lakini lipo jambo lisiloweza kungoja, nalo ni binti yako.

Mimi si daktari, na ugonjwa hautambuliwi kwa barua. Ila nimelea, nimeuguza, na nimekaa na akina mama wengi kwenye mabenchi ya hospitali, na hayo unayoyaeleza nimeyasikia mara nyingi mno. Vidole vya mtoto mchanga kuvimba, mifupa kuuma, macho kugeuka manjano, damu kupungua hadi kuongezewa: hizo ndizo dalili za selimundu, ugonjwa ambao huko kwenu watu huuita SS. Kipimo chake ni damu kidogo tu. Mpeleke binti kesho asubuhi, wewe na mama yake pamoja, na muwaeleze wauguzi habari za ndugu zake wawili bila kuficha kitu. Ikiwa ni SS, si hukumu ya kifo. Zipo dawa za kumkinga na maambukizi, zipo chanjo, kuna chandarua dhidi ya malaria, kuna maji ya kunywa kwa wingi, kuna dawa ya haidroksiurea pale inapopatikana. Mtoto aliyejulikana mapema huweza kukua, akasoma, akaoa au akaolewa. Ikiwa si SS, daktari ataendelea kutafuta.

Nataka pia uelewe ugonjwa huu unavyoingia nyumbani, maana hapo ndipo uongo ulipopenyea. Mtoto hupata SS anapopokea jeni moja ya S kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe, wenye AS, yaani S moja tu, huwa wazima kabisa, wanabeba mizigo, wanaendesha baiskeli, wanapiga ngoma. Hawajui kitu. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mwenye SS, na hakuna sheria ya kusema aliyekwisha kufiwa na wawili ataachiwa wa tatu. Nchini Kongo karibu mtu mmoja kati ya wanne anabeba S hiyo. Imeenea kwetu kwa sababu ya malaria: mwenye AS hustahimili malaria kali kuliko wengine, kwa hiyo katika nchi za misitu na mbu damu hiyo ilibaki, ikarithiwa vizazi na vizazi. Hata kama S yako uliipata kwa mama yako, aliipata naye kwa wazazi wake, na peke yake isingetosha kumfanya mtoto wako augue. Ilihitaji kukutana na ya mkeo. Hapo hamna mkosaji. Si yeye, si wewe, si mkeo.

Mama yako hakuwala watoto wako. Nakuandikia hivyo waziwazi kwa sababu naona katika barua yako hakuna mtu aliyewahi kukuambia.

Na macho yake mekundu? Muulize mtu yeyote aliyepika miaka hamsini kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Huko Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayohayo, na watu wenye akili wamesema miaka mingi kwamba ni moshi wa jikoni. Pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kilifi, wazee huuawa kwa jina la uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotamaniwa. Kongo tuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na ndani yake anayemsingizia mtoto uchawi anaweza kufungwa mwaka mmoja hadi mitatu. Kikongwe hakutajwa katika sheria hiyo. Siku ile nyumbani kwako, kinga yake ilikuwa wewe.

Najua wewe si mtu mbaya. Uliwazuia shemeji zako wasimpige, na pengine uliyaokoa maisha yake. Ulikuwa umezika watoto wawili. Mtu aliyezika watoto wawili hutafuta pa kuuweka uchungu wake, na alipotokea mtu akasema naujua mlango ulikoingilia, uliukimbilia mlango huo. Ila sikiliza jinsi hasira ilivyokunyang'anya hata matanga. Badala ya kuwalilia watoto, mlikaa kikao cha kumfukuza bibi yao. Nadhani usingizi wako ulipotelea hapo. Miaka tisa umekuwa ukiwalilia kwa lotoko.

Sasa huo mfungo kavu.

Usiufunge. Na vidonge vya presha usiviache hata siku moja kwa neno la mtu ambaye hajakupima. Mwenye presha akikaa na kiu mchana kutwa katika joto la Kisangani, juu ya pikipiki, kisha akaacha na dawa, anaweza kupooza upande mmoja au akafa, na kesho yake binti yule mwenye vidole vilivyovimba hana baba. Kanisa lako Katoliki ambalo umekaa mbali nalo lina mpango wake wa kufunga, na huenda umeusahau. Mfungo wenyewe ni siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa watu wa kuanzia miaka 18 hadi 59, nao ni mlo mmoja kamili na mingine midogo. Kujinyima nyama ni siku za Ijumaa, kuanzia miaka 14. Mgonjwa hadaiwi. Hakuna padri atakayekuuliza kwa nini umekunywa maji.

Mwaka 2023 pale Shakahola, katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, miongoni mwao watoto wengi. Walikuwa wameambiwa wafunge hadi wamwone Yesu. Wazazi wale hawakukosa mapenzi kwa watoto wao wala kwa Mungu. Walikuwa wamekabidhi akili zao kwa mtu. Ninapomsikia mhubiri anakataza maji na dawa, nasikia Shakahola, na sitaki kubishana naye. Nataka tu utoke katika chumba chake leo.

Dola 150 zitunze kwa ajili ya hospitali ya binti. Katika Matendo ya Mitume yupo Simoni, mchawi wa Samaria, aliyewaletea mitume fedha ili auziwe uwezo wa Roho. Petro alimkemea kwa ukali kuliko karibu mtu mwingine yeyote katika kitabu kile.

Sikulaumu kwa kutafuta uponyaji. Kiu hiyo Wakongo tumekuwa nayo tangu zamani. Simon Kimbangu alipoanza kuwaombea wagonjwa pale Nkamba, Aprili 1921, watu waliacha mashamba, wakaacha hospitali, wakatembea siku nyingi kumfuata, na serikali ya Wabelgiji iliogopa kiasi cha kumfunga hadi alipofia gerezani Lubumbashi mwaka 1951. Watu wakiteseka humtafuta Mungu mwenye mikono. Yesu naye aligusa wakoma. Ndiyo maana Kanisa lina mpako wa wagonjwa, na si kwa ajili ya wanaokata roho peke yao kama wengi wanavyodhani. Wewe unayeumwa presha na kukosa usingizi unaweza kumwomba padri akupake mafuta hayo matakatifu. Haulipiwi. Na kesho yake utameza kidonge chako kama kawaida.

Tena, ukishuka mto utaipita Yakusu, karibu tu na Kisangani. Wabatisti walianza misheni pale mwishoni mwa karne ya 19, na kuanzia 1920 daktari wao, Clement Chesterman, akapambana na malale katika vijiji vya ukingoni akiwa na vijana wa hukohuko aliowafundisha uuguzi. Waliomba asubuhi, kisha wakashika sindano. Hakuna aliyeona kwamba kimoja kinamtukana Mungu wa kingine.

Nimesema ukishuka mto. Ndiyo, ndugu yangu, hapo ndipo ninapokupeleka.

Unauliza kama Mungu atakupokea. Kumbuka Misa yetu ya Kongo, ile ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, ambayo wewe mwenyewe uliipigia ngoma. Mahali pengi duniani toba hufanyika mwanzoni, watu wakiwa hata hawajakaa vizuri. Kwetu sivyo. Kwanza tunawaita watakatifu na wahenga wetu wema wawe pamoja nasi. Tunalisikia Neno, tunahubiriwa, ndipo tunainamisha vichwa na kutubu, kwa sababu Neno limetuonesha tulipo. Kisha tunanyunyiziwa maji. Kisha tunapeana amani. Baada ya amani ndipo vipaji vinapopelekwa altareni, na watu wanacheza. Kumbuka mpangilio huo: toba, amani na jirani, halafu vipaji. Ni lilelile Yesu alilolisema mlimani, kwamba ukikumbuka madhabahuni ndugu yako ana neno nawe, iache sadaka yako papo hapo, uende ukapatane naye kwanza.

Wewe miaka tisa unataka kupeleka vipaji. Umepeleka sadaka vyumba vitano. Sasa unataka kupeleka mwili wako wenyewe, siku 21 bila maji. Hujapeana amani na mtu mmoja, naye yuko Yahuma.

Basi hii ndiyo njia ninayoiona. Nenda kwa padri ufanye kitubio. Miaka tisa si mirefu kwake; amesikia ya thelathini. Mwambie yote: mama, toleka, lotoko, manabii, na ile nauli. Usipambe. Atakuondolea dhambi kwa jina la Kristo, na siku hiyohiyo utakuwa umerudi, nataka ulijue hilo ili usiende Yahuma kama mtu anayekwenda kununua mlango wa mbinguni. Mwenyeheri Anuarite, binti wa Wamba, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye alitamka msamaha kwa aliyemuua kabla hajakata roho. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenyeheri pale Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alimsamehe hadharani muuaji yule kwa jina la Kanisa lote. Kama mlango ulifunguliwa kwa mtu yule, haujafungwa kwako.

Lakini padri hawezi kutoa msamaha wa mama yako kwa niaba yake, wala kuirudisha heshima yake aliyovuliwa mbele ya watu. Hiyo ni kazi yako. Nadhani padri atakupa kazi hiyohiyo iwe malipizi yako; asipokupa, jipe.

Kabla hujaondoka, kaa na mkeo. Naye amezika watoto wawili, naye alimwamini nabii, na ni kaka zake waliotaka kumpiga mama yako. Mwonyeshe majibu ya kipimo cha binti na mpime wote wawili. Majibu hayo yatasaidia kuliko hotuba zangu. Shemeji zako nao wayaone.

Ukifika Yahuma usimwendee mama usiku kwa kificho, ukampa kitambaa na sabuni na kilo ya chumvi, halafu ukadhani yamekwisha. Zawadi mpelekee, ni mama yako. Lakini alitajwa mchawi mbele ya watu, na habari ilifika kijijini kabla yake. Usidhani kibanda kile kando ya kanisa kimejengwa pale kwa bahati. Mwombe katekista na wazee wa ukoo wakae. Simama useme kwa kinywa chako kwamba ulimsingizia, kwamba watoto walikufa kwa ugonjwa, na uutaje ugonjwa wenyewe ikiwa daktari ameuthibitisha. Sema jina la mama yako na useme hana hatia. Wasikie watoto wa kijiji, wale wanaomkimbia akipita. Hapo ndipo utakapomponya, maana tumezungumza sana juu ya uponyaji wako wewe, na yupo mgonjwa mwingine katika barua hii.

Huenda asikujibu. Huenda akanyamaza kama alivyonyamaza kwenye toleka. Huenda akakasirika, akakuambia maneno aliyoyaweka miaka tisa. Yapokee, usijitetee kwa nabii. Usimlazimishe arudi Mangobo nawe. Kama hataki, mjengee kibanda kizuri palepale, na ujue ni nani atakayemchotea maji. Msamaha wake akiuchelewesha, kitubio chako hakijabatilika. Ila mimi nina tumaini, kwa sababu mama aliyekata tamaa na mwanawe haulizi habari zake kwa kila anayetoka Kisangani.

Na zile faranga 500. Nimejiuliza kwa nini alikupa. Wengine watasema alikulaani. Mimi ni mama, na sioni laana pale. Naona mwanamke aliyeambiwa kwamba anakula vya mwanawe, akaamua kuondoka bila kula kitu chake chochote, hata jasho la miguu yake kwenye pedali. Huenda zilikuwa fedha zake zote. Usimrudishie noti, atadhani unafuta deni. Mbebe. Ukimkuta ana nguvu za kutembea, siku ya Jumapili mkalishe nyuma ya baiskeli au pikipiki ya kuazima, umpeleke kanisani mbele ya kijiji kizima, hata kama ni hatua ishirini. Asilipe.

Ninyi wasomaji wengine wenye mama, bibi au shangazi aliyefukuzwa kwa neno la nabii, barua hii nimeijibu na kwa ajili yenu.

Mwaka huu wa 2026 Jumapili ya Matawi ni tarehe 29 Machi na Pasaka ni tarehe 5 Aprili; panga safari yako kwa siku hizo. Binti apimwe kwanza, kesho. Lotoko iache leo; huo utakuwa mfungo wako, na ukishindwa peke yako mwambie daktari na padri. Kisha upande boti, upite Yakusu, Yangambi na Isangi, ushuke Lokutu, utafute pikipiki ya kwenda kwenu. Mama yako yu hai, anauza mboga kando ya kanisa, na anauliza habari zako.